Aliyemwosha Mama wa Divai

Rovicella, 11 Novemba 1972
Sikukuu ya Mtakatifu Martino

Kwako wifi Luisella,

Salamu kwanza, halafu lebo. Nimezipokea zile lebo ulizotuma kutoka Milano, boksi zima, na tangu asubuhi nimekaa nazo jikoni nikizitazama. Wifi, hiyo ngome iliyochorwa hapo ni ya nani? Maana sisi hatuna ngome. Tuna nyumba ya mawe, zizi, tanuri la mkate na kisima. Marehemu baba alilima humu akigawana mavuno nusu kwa nusu na mwenye ardhi, hadi akainunua ardhi yenyewe akiwa na mvi, na hata usingizini hakuwahi kuona ngome. Settimio, mtunza mapipa wetu, ameigeuza lebo juu chini akasema, "Labda ni zizi letu, ila limechorwa na mtu mwenye homa."

Najua mnataka kukua. Tangu kaka yangu Vasco akuoe, miaka miwili sasa, hana neno jingine mdomoni. Zamani divai yetu ilitoka humu kwenye chupa zenye tumbo zilizovikwa majani makavu, ikaenda kwa mwoka mikate, kwa padre, na kwa watu wa Prato waliokuja na vyombo vyao. Sasa inatakiwa ivae kama bwana harusi. Haya, ivae. Hilo ni lenu wawili mnaokaa Milano mkiuza.

Lakini dari letu, kule juu chini ya paa, msiliguse. Vasco alinipigia simu kwenye baa, nikaipokea mbele ya wacheza karata wote, ndiyo maana nasema niandikieni barua. Anasema eti unataka darini pawe chumba cha wageni cha kuonjea. Wifi, darini ndiko viliko vipipa kumi na viwili vya ile divai tamu tunayoiita takatifu. Ndiko zabibu zinakotundikwa kwenye kulabu mpaka zikunjamane kama uso wangu. Marehemu mama aliuweka ufunguo wa dari mkononi mwangu, si mwa Vasco, siku anakufa. Mimi sikuolewa, sina mtoto. Nina lile dari. Ukinitoa pale nitakuwa mgeni katika nyumba niliyozaliwa.

Unauliza kuna siri gani huko juu. Mambo ya darini hayaelezwi kwa karatasi, na kwa mtu aliyekulia juu ya duka la vitambaa ningemaliza karatasi nyingi bure.

Nakuombea kila siku.
Ersilia Tognarini


Milano, 20 Novemba 1972

Wifi Ersilia,

Asante kwa sala. Ninazihitaji, maana nimeolewa kwenu.

Ngome ni ya mchoraji. Watu wa Milano hawanunui zizi. Juzi nilimwekea mwenye hoteli mmoja chupa mbili mezani, moja ina ngome, nyingine haina kitu, na divai ni ileile. Ya ngome akaiita divai ya heshima. Nyingine akasema atampa mpishi akaikaangie nyama. Chekeni, wewe na Settimio wako, lakini kumbukeni mnacheka chini ya paa linalovuja tangu enzi za babu yenu.

Kuhusu dari. Dirisha lake linaona bonde zima hadi mnara wa kanisa. Mahali pazuri kuliko pote katika nyumba hiyo mmewapa panya, pamoja na vipipa kumi na viwili vinavyofunguliwa mara moja kila miaka sita. Miaka sita, wifi. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anaanza shule, ndipo nyinyi mnaonja. Na ukiulizwa sababu unasema haielezwi. Ni kweli nimekulia dukani. Kwetu dukani, aliyeshindwa kumweleza mteja anachouza alirudishwa jikoni kumenya viazi.

Tutalizungumza tena matangi mapya yakishafungwa. Nina subira.

Luisella


Milano, 26 Februari 1975

Wifi,

Naandika haraka. Mtaalamu wa divai niliyemtuma wiki iliyopita amenusa siki katika mapipa mawili makubwa ya chini. Tumenunua kilima cha pili, tumeleta matangi ya chuma cha pua, wanunuzi wa Zurich wamekubali kutupokea baada ya mimi kuwabembeleza mwaka mzima, na nyinyi mnataka niwapelekee siki. Mtaalamu anasema ni uchafu wa miaka mingi. Namwamini. Nimeona mnavyofagia.

Kwa hiyo hakuna mjadala. Osheni kila pipa lililo tupu katika nyumba hiyo, kubwa kwa dogo, juu hadi chini, kwa maji ya moto na magadi, hadi maji yatoke meupe. Msiniulize lipi na lipi. Sitaki desturi, nataka usafi.

Vasco ananiambia unakwenda kuhiji Loreto. Kama barua hii itafika ukiwa safarini, Settimio aifungue na atekeleze.

Luisella


Rovicella, 9 Machi 1975

Wifi Luisella,

Nimerudi kutoka Loreto jana Jumamosi, miguu imevimba, moyo mweupe. Nilikuombea mbele ya Nyumba Takatifu ya Bikira, nikakuwashia mshumaa wa ukubwa wa kati.

Nimekuta umetiiwa. Settimio alifungua barua yako akaosha kila pipa, na vile vipipa kumi na viwili vya darini pia. Tulikuwa tumeshaimimina divai iliyokuwamo mwezi uliopita, vikingoja zabibu zilizotundikwa tangu mavuno. Ameviosha hadi maji yametoka meupe, kama ulivyotaka.

Sasa kaa chini nikueleze ulichokifanya. Ndani ya kila kipipa cha divai takatifu, kule chini kabisa, kuna mashapo mazito, meusi, kama asali iliyoungua. Sisi tunayaita mama. Divai iliyokomaa ikimiminwa, mama anabaki. Maji ya zabibu mpya yanamwagwa juu yake, na yeye ndiye anayeyaamsha na kuyafundisha ladha. Haoshwi. Hajawahi kuoshwa. Huyu wa kwetu bibi yangu alikuja naye siku ya harusi yake, ndani ya chupa aliyoifunika kwa shela, na yeye alipewa na mama yake. Alikuwa mkubwa kuliko bendera ya Italia. Sasa yuko kwenye mtaro wa zizi na bata wanamdonoa.

Sikulaumu, wifi. Nani angekufundisha? Mtu anayeona ngome mahali palipo na zizi ataonaje mama ndani ya tope. Nimemwomba padre Olinto akukumbuke katika Misa. Amekubali.

Mwambie mtaalamu wako maji yalitoka meupe sana.

Ersilia


Milano, 18 Machi 1975

Wifi Ersilia,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya mshumaa wa ukubwa wa kati. Mara ya tatu nililia, na mimi sipendi kulia ofisini.

Sikujua. Ungeweza kunieleza miaka miwili iliyopita, kwa mistari hiyohiyo michache, na hilo nakulaumu. Lakini mkono ulioandika "kubwa kwa dogo" ni wangu. Usidhani sielewi. Tulipohama kutoka duka la zamani, baba yangu aliubeba mgongoni ubao wa kukatia vitambaa, njia nzima, akamkataza mchukuzi asiuguse. Ulikuwa wa baba yake.

Jazeni vipipa hivyohivyo, mvifunge. Dari silitaki tena. Nimemwambia mchoraji wa majengo atengeneze chumba cha wageni juu ya ghala. Vasco ananung'unika, mwache anung'unike.

Usimwambie mtu kwamba nililia.

Luisella


Rovicella, 2 Oktoba 1977

Wifi,

Asante kwa blanketi la sufu. Sasa nina mablanketi matatu kutoka kwako na kitanda kimoja.

Mavuno yamekwisha salama. Umeniuliza maoni yangu kuhusu kupanda mizabibu ya Kifaransa kwenye kilima cha pili. Zamani hukuwa unaniuliza. Pandeni tu. Mama mliyepaswa kumheshimu mmeshamzika, mizabibu mtaiogopea nini?

Wale Wajerumani wawili mliowaleta juzi niliwaona wakiitazama ngazi ya darini. Nikawaeleza kwa ishara kwamba huko juu kuna msiba. Wakavua kofia. Vasco alitaka kucheka, nikamtazama, akaacha. Na hicho chumba chenu cha juu ya ghala kinanuka rangi mpaka leo. Wageni wanainua glasi puani wanasifu harufu ya mlango.

Settimio naye uzee umemharibu tabia. Kila nikilitaja jambo lile mbele ya watu, yeye anatoka nje. Jana nilikuwa nawasimulia wake wa wavunaji jinsi wifi yangu wa Milano alivyomzamisha mama kwa barua moja, naye akasimama mlangoni akasema, "Bi Ersilia, wale bata wangejua kusema ungewachinja wote." Wanawake wakacheka bila kujua wanachokichekea.

Nakusamehe kila Jumapili.

Ersilia


Milano, 2 Machi 1981

Wifi Ersilia,

Juma Kuu la mwaka huu vipipa vinatimiza miaka sita. Nitakuja kuwapo vikifunguliwa. Ngazi ile sijaipanda tangu mwaka ule, sikuona nina haki.

Tumekua kama nilivyosema tutakua, hata kama ulicheka. Vilima vinne, Zurich, Munich, na sasa kuna Mdenmaki. Wote wakifika Rovicella wanalitaka dari. Vasco ananibana kila wiki. "Dada ana miaka hamsini na saba, anahitaji chumba cha chini chenye jiko la kuni, si kupanda ngazi." Nimekataa. Na ili asije akashinda siku nikichoka, nimekwenda kwa mthibitishaji wa mikataba. Karatasi ndiyo hii.

Inasema dari na vyote vilivyomo ni vyako hadi mwisho wa maisha yako, na hakuna wa kukutoa. Mthibitishaji alitaka sababu iandikwe, nikampa iliyo ya kweli: "kuwa fidia ya hasara niliyoisababisha mimi Luisella Brambati kwa amri yangu ya Februari 1975, iliyotekelezwa wakati Ersilia Tognarini akiwa safarini bila kujua." Nimetia sahihi, Vasco ametia, ingawa kwa uso uliokunjwa. Imebaki yako. Soma vizuri, chini kuna kiapo.

Sijawahi kukupenda. Lakini hii ni haki yako.

Luisella


Rovicella, 20 Machi 1981

Wifi,

Karatasi nakurudishia. Haina sahihi yangu.

Imekaa chini ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu siku kumi na moja. Kalamu nimeijaza wino mara mbili. Ingesema tu kwamba dari ni langu ningetia sahihi kabla sijavua aproni. Lakini inasema "akiwa safarini bila kujua", na chini kuna kiapo.

Basi la Loreto lilirudi Alhamisi, si Jumamosi. Dereva aliumwa jino, tukakatisha hija. Nilikuta barua yako mezani haijafunguliwa, nikaisoma nimesimama, koti sijavua. Uliandika kuhusu tunavyofagia. Uliandika hutaki desturi. Wifi, sikukasirika. Nilifurahi. Nilisema moyoni, ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, kila pipa. Kesho yake asubuhi nikamwambia Settimio apandishe maji ya moto darini. Alipoelewa nilichotaka, akaweka ndoo chini.

"Vipipa hivi hapana, Bi Ersilia."

"Ni amri ya Milano."

"Milano hajui. Wewe unajua."

"Nipe brashi."

"Brashi hiyo hapo. Mimi simwoshi mama wa mtu," akasema, akashuka.

Nikaosha peke yangu. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, nilikuwa nimefunga, maji yenyewe sijanywa. Magadi yalinichuna vidole. Kwenye kipipa cha saba nilisita. Mashapo ya vilivyobaki yangetosha kuvirudishia mama vile sita vya kwanza, ungekuwa mzaha tu. Halafu nikaufikiria uso wako ukisoma barua yangu, nikaendelea hadi cha kumi na mbili.

Kisha nikamsingizia Settimio, nikaisingizia na Loreto. Miaka sita nimepokea komunyo huku ukinitumia mablanketi. Kwenye kitubio nilikuwa naungama hasira, umbea, na siagi siku za mfungo. Hili nililiruka kila mara, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu. Juzi nikamwambia padre Olinto.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" akaniuliza.

"Nilitaka niwe na sababu ya kumdharau, padre."

"Ulikuwa huna?"

Nilikuwa nazo, lakini ndogondogo. Lebo. Viatu vyako. Unavyokunywa kahawa na maziwa baada ya chakula cha mchana. Padre akasema ondoleo la dhambi nitalipata nikishakuambia wewe, si kabla.

Basi nimekuambia. Dari fanya utakavyo. Nakuomba tu unijulishe siku maseremala watakapokuja, niende kwa masista wa parokia nisisikie nyundo.

Ersilia


Milano, 30 Machi 1981

Ersilia,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua nne za kwanza nilizichana.

Miaka sita nimepita chini ya ngazi ile nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nawaambia wanunuzi kwamba huko juu anakaa mtu aliye bora kuliko mimi, mkali lakini mnyofu, mtu wa Mungu, na kwamba mimi ni mchuuzi tu. Kumbe mchuuzi ni wewe. Ngome niliyoichora mimi, angalau kila mtu aliona ni mchoro.

Dari nalichukua. Maseremala watakuja baada ya Pasaka: meza ndefu, mabenchi, dirisha litapanuliwa. Vipipa vitabaki palepale ukutani, na ufunguo utabaki nao wewe. Sikufukuzi. Nikikufukuza utakwenda kwa masista, uteseke mbele yao kwa upole, na wao watakupa supu. Sitakupa raha hiyo.

Lakini nina sharti. Kila kikundi cha wageni kitakachopanda, utasimama wewe mbele yao. Utawaeleza mama wa divai ni nini, nani alimwosha, siku gani, na kwa nini. Kama ulivyoniandikia, bila kupunguza neno. Nitatuma mkalimani.

Settimio utamwomba radhi mbele ya Vasco, Vasco akiwa amekaa, wewe umesimama.

Nitafika Jumatano ya Juma Kuu.

Luisella


Rovicella, 27 Septemba 1981

Wifi Luisella,

Siku ile vipipa vilipofunguliwa uliondoka bila kuaga, na tangu hapo unaandika kwa Vasco tu. Sikulaumu. Ulimsikia Settimio mwenyewe. Alionja, akaizungusha mdomoni, akasema, "Ni nzuri kuliko ya zamani." Kisha akaniangalia kwa huruma. Wewe ulishuka ngazi, mimi nikabaki nimeshika glasi. Miaka sita nimewavulisha watu kofia kwa ajili ya kitu ambacho divai haikukihitaji. Hata uovu wangu ulikuwa wa bure.

Masharti yako natimiza. Settimio nilimwomba radhi nimesimama. Akasema, "Haya," akaendelea kula maharage.

Wageni wa kwanza walikuwa Waswisi kumi na wanne. Nikawaambia, mimi ndiye. Nikawaambia Ijumaa, mfungo, brashi, komunyo, yote. Nikangoja wanidharau, nilikuwa nimejiandaa. Mwanamke mmoja akainuka akanikumbatia. Mwingine akaniomba nisimame karibu na kipipa cha saba anipige picha. Wakanunua kila chupa iliyokuwa mezani.

Sasa wanakuja kwa ajili hiyo. Mdenmaki anataka kisa kichapwe kwenye karatasi nzuri, kiwekwe ndani ya kila boksi. Vasco anasema hatujawahi kuuza namna hii, anazungumzia kilima cha tano. Wewe unayajua, maagizo yanapita mikononi mwako. Nadhani unacheka, na una haki. Nilimuuliza padre Olinto kama malipizi yanayouza divai bado ni malipizi. Alisema atalifikiria. Alikuwa kwenye glasi ya pili.

Lakini ninalotaka kukuungamia ni jingine, na nakuambia wewe kabla ya yeye. Nimeanza kulisimulia vizuri. Mwezi wa sita nilikuwa nasema tu, kama mtu anayetoa ushahidi. Mwezi wa saba nikagundua kwamba nikinyamaza kabla ya kipipa cha saba, wanaacha kutafuna. Mwezi wa nane nikaanza kuitazama mikono yangu. Jumamosi iliyopita nilisema kwamba nilikuwa nalia wakati naosha. Sikulia, wifi. Nilikuandikia kwamba nilifurahi. Lakini mbele ya Wajerumani waliokuja siku hiyo machozi yalinitoka, machozi ya kweli kabisa, moto, na bwana mmoja akanipa leso yake. Nikaipokea. Nikajifuta taratibu.

Mkalimani anatafsiri lolote ninalosema. Settimio hapandi tena juu. Vasco ananikonyeza. Wageni wananipenda, na nimegundua napenda kupendwa, kwa kosa lilelile. Katika watu wote ninaowajua ni wewe peke yako unayenidharau vya kutosha.

Kwa hiyo njoo. Jumamosi ijayo kuna kikundi kutoka Bavaria, saa kumi alasiri. Kaa benchi la nyuma. Huna haja ya kunisalimia, wala kula kwetu. Ukiona nataka kulia, kohoa.

Wifi yako,
Ersilia